Hundi ya Mama Vitambaa

Wiki iliyopita niliwaacha kwenye benchi la daktari wa macho. Mama mkwe alikuwa ndani anapimwa, na daktari ameniita pembeni kuniambia kwamba jicho la kushoto limeshakwenda na maji, la kulia lina mtoto wa jicho. Likipasuliwa mwaka huu ataona. Likiachwa, basi tena. Wengi mmeuliza kama pesa za upasuaji zilipatikana. Zilipatikana. Ndiyo maana nina ya kusimulia leo, maana asiye na kitu haibiwi.

Kwa wanaonisoma kwa mara ya kwanza, nisiwachoshe. Nina mume ambaye mtaa mzima unamwita Kesho, kwa sababu kazi ataanza kesho, deni atalipa kesho, na mlango wa choo atautengeneza kesho. Nina wifi, dada yake huyo, karani wa benki, mwenye kucha ndefu na ulimi mrefu kuliko kucha. Nina mama mkwe, aliyenifundisha kufuma. Mtoto sina.

Ninafuma vitambaa vya meza na vya makochi. Na kwa kuwa mwanamke hana budi kuitwa mama wa kitu fulani, watu wakaniita Mama Vitambaa.

Wifi alipenda kusema mbele ya wageni, "Wenzake wanazaa, yeye anafuma." Nilimeza. Katika nyumba ile nimemeza mengi kuliko chakula.

Hundi yenyewe ilitoka ng'ambo. Mama mmoja mwenye duka huko alipita mtaani kwetu, akaviona vitambaa vyangu vimeanikwa kwenye kamba, akavinunua vyote vikiwa bado vinadondosha maji. Akaagiza vingine, mzigo mzima. Siku ya kuagana akaniuliza jina langu ili ajue atamlipa nani. Nikamjibu kama ninavyomjibu kila mteja: Mama Vitambaa. Akaandika.

Msinicheke. Nani anafikiri mara mbili akiulizwa anaitwa nani? Jina la kwenye kitambulisho nilikuwa nalitumia hospitali na makaburini tu.

Bahasha ilipofika, hundi ilikuwa ya dola, maandishi ya mashine, yamenyooka: alipwe Mama Vitambaa. Niliibusu karatasi ile. Nilikuwa peke yangu jikoni, nikaibusu mara ya pili.

Sasa mtaniuliza, kwa nini sikuipeleka kwenye tawi langu? Kwa sababu kwenye tawi langu, dirishani, anakaa wifi.

Kila nilipoweka akiba pale, kabla jua halijazama Kesho alikuwa anajua mpaka senti. Angenisogelea kwenye kochi, sauti imejaa asali. "Mke wangu, kuna biashara." Biashara ya kwanza ilikuwa kuku, wakafa. Ya pili ilikuwa simu za mkononi, zikaibwa. Ya tatu sikuambiwa ni biashara gani, niliambiwa tu kwamba nayo imekufa.

Safari hii nikasema, la. Benki ni moja lakini matawi ni mengi. Nitakwenda tawi la upande wa pili wa mji, ambako hata mbu hawanijui. Mama mkwe nikamwambia nakwenda kununua nyuzi. Sikutaka kumpa matumaini kabla karatasi haijawa pesa.

"Rudi mapema," akaniambia. "Hawa watoto wangu chai yao haina ladha."

Tawi lenyewe lilikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa kwa nondo, kana kwamba kuna mtu angetaka kuviiba. Kalamu imefungwa kwa kamba. Kila kitu mle kilikuwa kimefungwa isipokuwa midomo ya makarani, ambayo ilikuwa inatafuna.

Karani niliyemwangukia alikuwa kijana aliyejipaka mafuta kichwani mpaka kola imepata rangi. Alikuwa anakula karanga kutoka kwenye droo. Akalamba kidole gumba, akaichukua hundi yangu. Akaigeuza. Akalamba tena, akaigeuza tena. Mate yake yakabaki kwenye kona ya karatasi ile niliyoibusu. Nikaona kinyaa.

"Hundi ya kigeni," alisema, kama vile nimemletea maiti.

"Ndiyo, kaka."

"Akaunti yako ni ya tawi hili?"

"Hapana. Lakini benki si ndiyo hii hii?"

"Ni hii hii," alisema, "lakini siyo hii hii."

Sijui mpaka leo alikuwa na maana gani. Akanieleza kwamba hundi ya namna hiyo haiwekwi leo ikachukuliwa kesho. Inarudishwa ilikotoka, waulizwe wenyewe kama hela ipo, ndipo irudi. Wiki sita, pengine zaidi.

Nikapiga hesabu ya jicho. Wiki sita si mwaka. Jicho lingengoja.

"Sawa, kaka. Iweke."

"Saini hapa nyuma."

"Nisaini jina gani? Kwa sababu kitambulisho changu..."

"Jina lililoko mbele. Kama lilivyoandikwa, hivyo hivyo. Benki za huko zinataka hivyo." Akatupia karanga mdomoni. "Haraka, dada, foleni ni ndefu."

Nikasaini. Nilijitahidi kweli, herufi zangu zikakaa vizuri: Mama Vitambaa. Nikamrudishia, naye akalamba kidole.

Ndipo akakishika kitambulisho. Akatazama kitambulisho, akatazama hundi, akatazama kompyuta.

"Haya majina ni mawili."

"Mtu ni mmoja."

"Akaunti haina jina hili."

"Ndicho nilichokuwa nakwambia, kaka, ukanikimbiza."

Aliinua simu ya mezani, na kwa sauti ya mtu anayeuza samaki akaanza. "Haloo! Tawi la huko kwenu? Nina mteja wenu hapa, analeta hundi ya dola elfu mbili na mia nne! Ndiyo, dola! Imeandikwa Mama Vitambaa! Vi-ta-mbaa!"

Ukumbi mzima uligeuka. Mzee aliyekuwa nyuma yangu, ambaye muda wote alikuwa ananisukuma na tumbo lake, sasa akaniomba radhi na kuniuliza kama nimeolewa.

Karani akaweka simu chini, amefurahi. "Tatizo limekwisha. Nimeongea na mwenzetu mmoja wa kike, anasema anakufahamu vizuri sana."

"Ana sauti nyembamba? Anaongea kama amebana pua?"

"Huyo huyo."

"Nipe hundi yangu."

"Haiwezekani, mama."

Mnaona? Nilipoingia nilikuwa dada. Nilipotaka changu nikawa mama.

"Nipe hundi yangu, nitaileta siku nyingine."

"Imeshaingia kwenye mfumo. Na wenzetu wanamleta mtu na kadi yako ya saini. Kaa pale."

Nikakaa kwenye kile kiti cha nondo. Ningeweza kuondoka, lakini nani angeondoka aache jicho la mtu kaunta, chini ya kiwiko cha mla karanga? Nikajipa moyo. Labda hatakuja wifi. Labda watamtuma tarishi.

Hawakumtuma tarishi.

Wifi aliingia kwanza, viatu vyake vinagonga sakafu, kadi ya saini mkononi. Nyuma yake akaingia Kesho, mume wangu, amevaa lile shati jeupe nililompigia pasi mwezi uliopita aende nalo kwenye usaili, akasema usaili ni kesho. Na mkononi mwa Kesho, anajigonga gonga kwenye viti, akaingia mama mkwe. Walikuwa wamemvalisha haraka haraka. Gauni limegeuzwa, mshono uko nje, na miguuni kavaa ndara zangu za kuogea.

Nikasahau yote, nikamkimbilia. "Mama, wamekuleta huku kufanya nini?"

"Wewe ulisema unakwenda kununua nyuzi," alinijibu. Alinijibu taratibu, lakini iliniingia.

Meneja akatuita ofisini kwake. Mtu mpole, anajifuta midomo kwa karatasi laini. Mezani alikuwa na bakuli la plastiki lenye mifupa ya kuku iliyonyonywa ikabaki myeupe. Akalisukuma pembeni, karibu kabisa na pua yangu, akaweka hundi katikati ya meza.

"Tatizo ni nini?" akauliza.

"Hakuna tatizo, bosi," wifi alisema. "Huyu si Mama Vitambaa. Mama Vitambaa ni mama yangu. Mtaa mzima ulimjua kwa jina hilo kabla huyu hajaletwa kwetu na sanduku lake moja."

Ndugu wasomaji, uongo mtupu ningeuweza. Lakini ile ilikuwa kweli, na kweli ikiwa mdomoni mwa mtu kama wifi inanuka kuliko uongo. Mama mkwe ndiye aliyeanza kufuma. Wateja ndio waliomwita hivyo. Macho yake yalipofifia, sindano ikahamia kwangu, wateja wakahamia kwangu, na jina nalo likahama. Hakuna aliyeandikishana na mtu.

Nikamweleza meneja hivyo hivyo, neno kwa neno.

"Kwa hiyo unakubali jina ni la mama yangu," wifi alisema.

"Nakubali alilitumia zamani. Mzigo huu nimefuma mimi, kwa mikono yangu hii. Mama, si unajua? Si ulikuwa unakaa karibu yangu ukinihesabia mishono?"

Mama mkwe alikuwa amegeuza uso ukutani.

Kesho akakohoa. Kesho akikohoa namna ile, kaa ukijua kuna kitu kinataka kuondoka nyumbani. "Meneja, sisi ni familia, hatupendi ugomvi. Mfungulieni mama akaunti hapa hapa. Mimi mwanawe nitakuwa msimamizi wake, maana mama haoni." Akatoa picha zake za pasipoti kwenye mfuko wa shati.

Nilizitazama zile picha. Miaka yote niliyoishi na mtu huyu sijapata kumwona yuko tayari kwa jambo lolote. Leo alikuja na picha, zimekatwa vizuri, na kwenye picha anatabasamu. Niliona kichefuchefu, na safari hii haikuwa mifupa ya kuku.

"Kesho," nikamwambia, "hizo pesa ni za macho ya mama yako."

"Sikilizeni!" alisema, akacheka. "Kila mwizi ana mgonjwa nyumbani."

"Ni za macho! Daktari amesema jicho la kulia linaokoka likipasuliwa mwaka huu. Kamuulizeni. Mama, nisamehe, sikukwambia, nilitaka kwanza hundi ikubali. Ni za jicho lako."

Hata wifi alipepesa macho, nikafikiri, kumbe na yeye ana moyo mahali fulani.

"Nilijua," mama mkwe alisema.

"Ulijua nini, mama?"

"Yule daktari anadhani asiyeona hasikii. Nilisikia yote mlangoni pale. Na usiku wote ule uliokuwa unafuma nilijua unafumia nini."

Nilitaka kulia kwa furaha. Nikamshika bega. "Basi waambie, mama! Waambie tuondoke na pesa zetu."

Akatafuta mkono wangu begani kwake, akaupapasa. "Mwanangu, macho yangu yamenifikisha hapa nilipo. Huyu mumeo hajafika popote. Nisipompa mimi, nani atampa?"

Nilisema nitawaeleza kila kitu bila kuficha, basi nawaeleza. Sikumwonea huruma. Nilimtazama mtu mzima yule niliyemwogesha, niliyemkata kucha, niliyemtolea miba ya samaki kabla hajala, nikamwona na yeye ni wale wale. Anajua jicho ni lake, anajua mwanawe atalila pamoja na kope zake, na bado anampa. Nikatamani kwenda kunawa mikono.

Kumbe balaa langu lilikuwa bado.

"Basi," meneja alisema, "kama Mama Vitambaa ni huyu bibi..." Akaigeuza hundi. Akainama, akasoma nyuma. Akavua miwani. "Hii saini ni ya nani?"

"Ya kwangu," nikasema. "Karani wako ndiye aliyeniambia nisaini jina lililoko mbele."

Karani akaitwa. Akaja anajifuta mikono kwenye suruali.

"Wewe ulimwambia huyu mama asaini jina lisilo lake?"

"Mimi, bosi?" Akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. "Kila mteja namwambia asaini jina la kwenye kitambulisho. Huyu alisaini mwenyewe, mimi nilikuwa nahudumia foleni."

Na maganda ya karanga yamemganda mdomoni! Ningemrukia, lakini mlinzi alikuwa ameshasimama mlangoni.

"Kusaini jina la mtu mwingine kwenye hundi ni kughushi," meneja alisema, sasa upole umemtoka. "Hilo si shauri la familia tena. Hilo ni shauri la polisi."

Hapo hata wifi akabadilika rangi. "Bosi, hatukufikiri mpaka huko. Pesa tu..."

"Nyamaza wewe," Kesho alimwambia dada yake. Mume wangu huyo. Mwenye shati nililolipiga pasi.

Meneja akasogeza kiti chake mpaka karibu na mama mkwe, akamsemesha kama mtoto anavyomsemesha mama yake. "Bibi, nisikilize vizuri. Ukisema Mama Vitambaa ni wewe, mkweo anaondoka hapa na askari. Huenda akalala ndani siku nyingi. Ukisema ni yeye, hundi inakwenda kwenye akaunti yake, na nyote mnarudi nyumbani sasa hivi. Nakuuliza mara moja tu. Mama Vitambaa ni nani?"

Kesho akainama kwenye sikio la mama yake. Alidhani ananong'ona, lakini sote tulimsikia. "Mama, nakuapia, kesho nitakupeleka mwenyewe kwa daktari."

Lile jicho la kulia, linalotoka maji likichoka, likaanza kutoka maji. Akanyoosha mkono hewani, akinitafuta. Nikaupokea. Kinyaa chote kikanitoka mara moja, nikajisuta kwa niliyoyafikiri. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akapapasa kidole kimoja kimoja, mpaka kwenye lile sugu la sindano. Alipofika kwenye sugu akabaki hapo.

"Mimi," alisema, bado amenishika. "Mama Vitambaa ni mimi."

Kesho akashusha pumzi. Meneja akanyanyua simu, akaomba aunganishwe na kituo cha polisi. Mlinzi akaja akanishika mkono wa pili, na kwa muda nikawa nimesimama pale katikati, huku nimeshikwa na mlinzi, huku na mama mkwe, hadi ilipobidi mmoja aniachie.

Mama mkwe ndiye aliyeniachia.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliposema, "Meneja! Ngoja kwanza."

Wote tukasimama. Mlinzi akalegeza mkono. Meneja akaziba simu kwa kiganja, akangoja. Mimi niligeuka mzima mzima, roho mkononi, nikasema, Mungu ni mkubwa, amejirudi.

"Waambie wasimkawize sana huko," mama mkwe alisema. "Ndiye anayenipikia."